Mvua ya Kilimani, Gharika ya Bondeni

Juzi shangazi kanipigia simu kutoka Bwaise, mtaa wa bondeni mjini Kampala. "Mwanangu, leo maji yamepita kizingiti." Kizingiti chenyewe tulikijenga kwa matofali, kinafika gotini, na kila mgeni lazima akiruke ndipo akaribishwe. Huku Copenhagen nako ilikuwa inanyesha, nami nipo dirishani natazama maji ya barabarani yakiingia bustanini na kuzama humo kimyakimya.

Msidhani naisifia Ulaya. Hawa nao yaliwafika: tarehe 2 Julai 2011 ilishuka mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa saa mbili hivi, vyumba vya chini ya ardhi vikajaa mji mzima. Mwaka uliofuata wakapitisha mpango wa mvua kubwa. Pale kwenye uwanja wa Tåsinge Plads lami iling'olewa, yakawekwa majani na mabonde ya kunywa maji. Bustani ya Enghaveparken ilitengenezwa upya iweze kushika zaidi ya lita milioni 20. Siku za jua watoto wanachezea mpira humo humo.

Kinachoniuma, wanalipia mabilioni kitu ambacho Kampala ilipewa bure. Mafunjo ya kinamasi cha Lubigi yalikuwa yakishika maji. Ya Nakivubo yalikuwa yakichuja uchafu wa mji kabla haujaingia Ziwa Victoria, ziwa lile lile tunalonywa kupitia mitambo ya maji ya Ggaba. Tukamwaga kifusi, tukajenga. Bwaise yenyewe ni kinamasi kilichofukiwa.

Ila wanaosema tuzihamishie bustani hizi Bwaise, hapo tunaachana. Bwaise ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Hilo shimo litakunywa nini zaidi? Kazi iko juu, vilimani: Makerere, Mulago, Kasubi, kwenye nyua zilizotandikwa pevazi, yale matofali ya sakafu ya nje, ukuta kwa ukuta na mabati yasiyo na hata tangi moja. Mvua ya huko haina pa kuingia, basi inateremka yote kwa shangazi, ikizoa makavera, mifuko ya plastiki, njiani. Na sisi kila mwaka tunadai mtaro upanuliwe.

Nina binamu anajenga Makerere. Nilimwomba nusu ya ua aiache nyasi, na tangi aweke. Akacheka: "Dada, gari nilaze kwenye matope?" Pevazi zimeshashushwa. Jana nikamtumia picha ya sebule ya shangazi, godoro juu ya meza. Ameiona, tiki mbili za buluu. Hajajibu.