Punda wetu wa mbao aliyekataa kunyamaza

Nyie acheni tu. Mwaka wa pili chuoni tulipewa projekti ya kubuni toi la watoto wa miaka 3 hadi 5, timu ya watu wanne, na sisi wana wa Lamu tukaona hapa hata hakuna kuumiza kichwa, mji wenyewe mizigo inabebwa na punda, mtoto wa hapa atataka nini tena? Tukamwita Kihongwe.

Tulimchonga kwa mbao ya mwembe kwa fundi mmoja huko Langoni, msasa tukapiga mpaka unampitisha shavuni husikii kitu, magurudumu manne, mkia wa kamba ya makumbi. Ukivuta mkia, analia. Na sauti sio ya kuokota mtandaoni, tulienda na simu mpaka kile kituo cha kutibu punda, kile cha tangu 1987, tukarekodi dume moja lina koo kama honi ya meli. Ami mmoja pale akatuambia, "Huyo akilia hapa, wa kule wamjibu." Tukacheka sana.

Mwalimu wetu yeye wimbo wake ni usalama. Chochote kinachopita kwenye lile bomba la katikati ya karatasi ya chooni ni cha kumkaba mtoto, toa. Betri za kidonge hataki kuzisikia, mtoto akimeza zinamuunguza koo kwa saa chache tu. Na kifuniko cha betri lazima kifungwe na skrubu, kisifunguke kwa mkono. Tukatii yote, tena tukazidisha, tukamziba silikoni kila upenyo maana watoto si watamtia ndooni tu. Ila hakutuambia usimimine supagluu karibu na swichi saa nane za usiku, macho yamejaa usingizi.

Siku ya majaribio tuko Mkunguni mbele ya ngome, watoto sita wa chekechea, mwalimu na fomu yake, wazee pembeni na bao lao. Mtoto kavuta mkia, Kihongwe kalia, watoto makofi. Kihongwe kaendelea. Kaendelea tena. Kumbe gundi imeingia kwenye swichi imegandia humo humo! Injinia wetu (tulimwita hivyo, sasa hatumwiti) kauvuta mkia kwa nguvu, ukabaki mkononi.

"Toa betri!"

"Bisibisi iko wapi?"

Iko karakana.

Ndio tukasikia jibu la kwanza, upande wa Langoni. La pili nyuma ya ngome. Halafu wakaja wenyewe, wawili wana magunia ya mchanga mgongoni na mwenye punda anakimbia nyuma anawatukana, wa tatu sijui hata wa nani, na gunia moja likapasuka juu ya bao wakati mzee mmoja ndio anamaliza kumla mwenzake kete. Wallahi sijaona mzee kukasirika vile.

"Nyinyi wana, mkateni kichwa huyo!"

Dada yetu wa kupaka rangi akamfunika Kihongwe na leso, ikawa mbaya zaidi, sasa analia kama punda anayezikwa hai, na wale wa kweli ndio wakazidi. Injinia akamnyakua, mbio mpaka gatini, akamtupa baharini.

Mwembe unaelea jamani. Na ile silikoni, kazi pekee tuliyoifanya vizuri, haikuingiza tone. Kihongwe huyo anakwenda na maji kuelekea mashuani, analia, na punda watatu wamejipanga ukingoni wanamuitikia.

Mwalimu kamuinamia mtoto mmoja, kalamu tayari: "Umempenda punda?" Mtoto kaonyesha yule wa mchanga. "Mimi nataka hiyo kubwa."

Nahodha mmoja alimvuta kwa upondo, akarudi naye kamshika masikio, bado analia.

"Punda wa nani huyu? Nauli yake mia mbili."

Tukaanza kuchangishana.

"Na mia ya kelele."