Yule dada aliyefiwa ni mimi

Naona shoga yangu ameshaniwahi, ile video ya jana kliniki ameshaisambaza. Tangu jana jioni simu yangu inapokea vicheko na pole kwa zamu. Kuna aliyesikia nilizimia, kuna aliyesikia nilibebwa kwa machela, na mmoja ameniuliza kwa heshima zote kama marehemu ameacha watoto. Jamani. Sikuzimia. Nilikaa sakafuni kwa hiari yangu baada ya miguu kugoma. Machela haikuwepo. Na marehemu ana miaka 17, watoto awatoe wapi?

Ngoja nisimulie mwenyewe kabla shoga hajatoa sehemu ya pili.

Mnajua wiki hii nimekuwa kiziwi. Masikio yote mawili yaliziba nta, sababu ni vile vijiti vya pamba nilivyokatazwa nikajifanya sijasikia. Kumbe ukidhani unaitoa, unaishindilia ndani. Nikapewa matone ya kulainisha, niweke siku kadhaa halafu nirudi kuoshwa. Sasa nta ikilowa inavimba, kwa hiyo kabla ya kupona unazidi kuwa gogo. Kufikia jana nilikuwa naisikia dunia kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa la maji. Sauti yangu mwenyewe nilikuwa naisikia kichwani tu, nikawa sijui tena kipi ni kunong'ona na kipi ni kupiga ukunga. Hilo liwekeni akilini.

La pili, nilikuwa nasoma The Fault in Our Stars ya John Green. Najua, najua. Kitabu kimetoka 2012, filamu 2014, dunia nzima ikalia, ikapenga kamasi, ikaendelea na maisha, mimi ndiyo kwanza naanza. Shoga ndiye aliyenisukuma nikisome, eti nisipolia basi mimi si mtu, na leo ndiye mtangazaji mkuu. Kama bado hujakisoma na una nia hiyo, ishia hapa hapa. Jana nimewaharibia watu wa ukumbi mzima, sitaki dhambi nyingine.

La tatu, nilikuwa nakisomea kwenye simu. Mtu akilia kakamata kitabu, watu wanaona kitabu. Akilia kakamata simu, watu wanajua taarifa imeingia.

Basi, kliniki ya masikio na kliniki ya kifua pale zinachangia ukumbi mmoja wa kusubiria. Shoga alinisindikiza ili anisikilizie jina langu likiitwa. Akatoka "dakika mbili" kuongea na simu. Dakika mbili za shoga mnazijua.

Nikabaki na Gus.

Kwa mliokwisha kusahau: Hazel ana miaka 16, saratani ya tezi ya shingoni imemfikia mapafuni, anakokota mtungi wa oksijeni kila aendako. Augustus, yaani Gus, alikatwa mguu kwa saratani ya mfupa, akaonekana amepona, wakapendana, halafu ikarudi. Mwandishi yule ni mjanja mbaya. Kitabu kizima unajipanga kumzika Hazel, umeshanunua na sanda, kumbe kaburi analichimba kwingine. Mimi nilikuwa nimefika pale Gus anapoomba afanyiwe mazishi ya majaribio, asikie kwa masikio yake watakayosema akishakufa. Rafiki yake Isaac anasoma hotuba, Hazel anasoma yake, na maiti mtarajiwa yupo pale anasikiliza. Hapo nilikuwa navuta kamasi kistaarabu tu. Nikafungua sura inayofuata. Sentensi ya kwanza, bila hodi wala karibu: siku 8 baadaye, kafa.

"Gus amekufa," nikanong'ona.

Sikunong'ona. Nimeshathibitishiwa na watu watatu kwamba mlinzi wa mlango wa nje aligeuka.

Mama mmoja aliyekuwa pembeni yangu akanivuta, akanizamisha begani kwake, akaanza kunipigapiga mgongo. Nikajiambia, kumbe naye amekisoma! Naapa ndivyo nilivyofikiri. Nikamlilia kwa raha zangu, kama tunaolia pamoja. Nilipoinua uso, wamejaa. Mmoja kashika chupa ya maji, mwingine ananipepea kwa bahasha yake ya picha ya kifua. Na mbele yangu kabisa kasimama mzee mmoja, mpira wa oksijeni puani, mtungi kwenye kigari chake, na binti yake kamshika mkono. Mzee wa watu kainuka kwenye kiti chake, pumzi zenyewe za kuhesabu, aje anifariji mimi mwenye nta.

"Pole mwanangu. Alikuwa anaumwa?"

Nikadhani wanataka kusimuliwa. Na mnanijua nikiulizwa habari za kitabu.

"Saratani ya mfupa, mzee. Mguu walishaukata."

Wakaguna wote. Nikapata moto.

"Mazishi lini?" akauliza yule mama wa bega.

"Walishafanya. Siku 8 kabla hajafa."

Ukumbi ukanyamaza. Mimi kiziwi, lakini kimya kile nilikisikia.

"Walimzika kabla?"

"Aliomba mwenyewe. Na alikuwepo, anasikiliza."

Mama akalegeza mikono yake kwangu taratibu, kama mtu anayejitoa kwenye mkataba.

"Na hakuna aliyewazuia?"

"Awazuie nani, na rafiki yake kipenzi ndiye aliyeanza kuhutubia? Tena haoni, macho yote yametolewa."

"Ukoo gani huu," mzee akasema. Hiyo niliisikia vizuri, maana aliisema kwa nguvu zote za mtungi.

Hapa ndipo ningeweza kuokoka. Mtu mmoja tu angesema "hebu nioneshe hiyo taarifa", yakaisha. Lakini nilimtazama mzee, nikautazama ule mpira puani, machozi yakaniteremka upya, maana mbele yangu nilimwona Hazel, ila wa miaka sabini na ndevu.

"Hazel naye anatumia mtungi kama wako," nikamwambia. "Mashine yake ya nyumbani ameipa jina. Philip. Wako unaitwaje?"

Mzee akautazama mtungi wake, akanitazama mimi. "Mtungi ni mtungi, mwanangu."

Binti yake, yeye alishikilia pengine. Akanisogelea sikioni. "Dada, huyo Hazel naye ana shida ya mapafu?"

"Tena yalishajaa maji mpaka wakamwaga. Lakini kuna dawa ya majaribio aliyopewa, vivimbe vimesimama. Ndiyo inayomweka mpaka leo."

Sasa nenda nami polepole, kwa sababu usiku kucha nimekuwa nairudia hii sehemu nikiwa nimejifunika shuka gubigubi.

Binti akafungua mkoba. Akatoa kijitabu kidogo, kile ambacho mtu anayeuguza huandikia dozi za mgonjwa na saa za kunywa. Akatafuta kalamu, hakuiona, akaazimwa na mtu wa nyuma. Mimi nafuta kamasi, namtazama, na wala sijiulizi kwa nini mtu aandike habari za kitabu kwenye kijitabu cha dozi. Akafungua ukurasa mpya. Akauliza dawa inaitwaje. Nikasema Phalanxifor. Nilikuwa nimeikariri kwa fahari, jina lenyewe gumu. Akauliza tena, nikanasa "ina" ya mwanzo na "je" ya mwisho.

Yeye aliuliza: inapatikanaje?

Mimi nikasikia: inaandikwaje?

Nikamtajia. Herufi moja moja, jamani. P. H. A. L. Alipokosea pale penye X nilimshika kalamu nikamwelekeza. Akapigia mstari chini. Mara mbili.

Jina lao likaitwa. Mzee akaniwekea mkono kichwani, akaniambia Mungu ampokee Agusto, wakaondoka, kigari kikizungukazunguka nyuma yao. Mlango wa daktari wa kifua ukafunguka. Mzee akapita. Mtungi ukapita. Kijitabu kikapita, kimefunguliwa kwenye ukurasa ule ule. Na mlango ulipokuwa umebakiza upana wa kiganja kufunga, ndipo neno "majaribio" nililolisema mwenyewe liliponirudia, na nyuma yake likafuata jingine: hadithi.

Nikasimama. Miguu ikagoma. Nikakaa sakafuni. (Ndiyo huko "kuzimia" kwenu.)

Shoga akarudi wakati huo huo. Akakuta niko chini nimeukodolea macho mlango, watu saba wamenizunguka, na mama wa bega anamweleza kwamba mchumba wangu amezikwa hai na kipofu. Ningekuwa mimi ningeuliza maswali. Yeye alitoa simu akaanza kurekodi.

Daktari akatoka na kijitabu mkononi. Nyuma yake binti, nyuma ya binti mzee, maana alikataa kupitwa.

"Nani ametoa jina la dawa hii?"

Wakanionesha wote, kwa vidole. "Yule dada aliyefiwa."

"Umeipata wapi?"

"KWENYE KITABU!" Nilikusudia kujibu kwa upole.

"Cha tiba?"

"CHA VIJANA!"

"Vijana wa udaktari?"

"VIJANA WA KAWAIDA!"

Akaniinamia sikioni, akauliza pole pole, neno moja moja, huyo marehemu ni nani. Nikamwambia ni mtu wa hadithini. Yeye ndiye aliyepaswa kuwatangazia wengine, lakini sauti yangu ilishaifanya hiyo kazi mpaka maabara. Mtu wa bahasha aliacha kunipepea hapo hapo. Mwenye maji akayachukua maji yake.

Daktari akaingia kwenye simu, akatafuta jina lile, akanipa nisome mwenyewe. Mwandishi kaeleza nyuma kabisa ya kitabu, baada ya hadithi kuisha, kwamba dawa hiyo haipo, ameitunga yeye kwa sababu angependa iwepo. Nyuma ya kitabu! Nilibakiza sura chache tu nifike. Ningejikaza nikalilia nyumbani, ningeliona tangazo lile kabla sijaanza kuwagawia watu dawa.

Mlio makini mtaniuliza: binti je? Hilo ndilo silitanii. Nilimtazama wakati daktari anaongea. Alikichukua kijitabu chake, akakifunga, akakirudisha mkobani taratibu, hakusema kitu. Nilimwomba radhi, sijui kwa sauti gani. Angenitukana ningeshukuru.

Aliyeniokoa ni mzee. Alianza kama anakohoa, daktari akamshika, kumbe anacheka. Anacheka, anasimama kuvuta hewa, anaanza tena. "Walimzika... anasikiliza..." Binti akamwambia baba acha, utaishiwa pumzi, halafu naye midomo ikaanza kumcheza, akageukia ukutani, mabega yakawa yanatikisika. Ukumbi ukalipuka. Mlinzi aliingia.

Mengine hayana maana. Niliitwa, nikaoshwa masikio, kitu kilichotoka sitakielezea, nikatoka nasikia mpaka saa ya ukutani. Kwa bahati mbaya nikasikia pia niliyokuwa nasemwa. Wangeniachia nta yangu tu.

Kabla ya kuondoka nilimfuata binti nikampa namba, nikamuahidi mzee kitabu cha karatasi, nakala ya shoga, ambayo nimeichukua bila kumuuliza kama fidia ya ile video. Leo asubuhi tulikipeleka. Mchana binti akaniandikia kwamba baba hataki kula mpaka amalize sura, amefika Amsterdam, na anasema yule mwandishi mlevi aliyewafokea watoto wagonjwa waliotoka Marekani kumfuata anastahili bakora.

Muda si mrefu ukaja ujumbe mwingine: "Baba anasema Agusto ulishamzika mbele ya watu wote, hilo amekusamehe. Anauliza, na yule binti wa mtungi je, anapona?"

Nimekimaliza jana usiku, najua kinavyoishia. Nimemjibu asome mwenyewe, akifika mwisho anipigie.