Sisi Waamu twacheza kumkomoa nani?

Kijana wa miaka minane hivi alinikaripia mbele za watu: "Toa mkono kabla sijafika!" Ilikuwa ukumbi wa shule ya mwanangu, hapa Glasgow, tarehe 30 Novemba, siku ya mtakatifu wao Andrew, na wazazi tumealikwa kucheza ceilidh, ngoma yao ya Kiskoti. Na kabla hamjaanza: nilikuwa na baibui langu, kundi la kina mama na watoto. Haya, tuendelee.

Ngoma yenyewe inaitwa Strip the Willow. Mistari miwili inaelekeana. Mmoja anatoka kichwani, anazungushwa na mwenzake, kisha anateremka mstari mzima akipokewa mmoja mmoja, kiwiko kwa kiwiko, na kila akiachwa anamrudia mwenzake katikati. Ukichelewa kutoa mkono, anayekuja anapitiliza mpaka ukutani. Kwa hiyo hata aliyesimama anacheza. Mama mmoja mnene alinidaka kiwiko akajitupa nyuma kwa uzito wake wote; nisingejitupa nami, tungebiringika sote. Kodiani inalia, mtu wa maikrofoni anaita hatua, mwenye kukosea anacheka, anasukumwa mahali pake, mambo yanaendelea. Hizi ngoma wamefunzwa shuleni tangu wadogo, katika kipindi cha michezo.

Kilichonitia wivu ni kwamba hapakuwa na wa kushindwa.

Nyumbani Amu, yaani Lamu, je? Wallahi vugo letu la harusi tamu kuliko kodiani yao. Wanawake mstari mmoja, leso sare, pembe za nyati mkononi, kijiti kinagonga pamoja kama kimeshikwa na mkono mmoja. Nani atasema hatujui kushirikiana? Nenda msikiti wa Riyadha wakati wa Maulidi uone vijana wanavyoyumba kwa matari na nai, ile filimbi, safu nzima, hapana bega linalochelewa. Lakini vugo hilo twampigia nani? Upande wa bwana harusi waone, wakereke, wachomwe kwa vijembe. Twashikana vizuri sana, mradi awepo wa kumkomoa. Mkomani kwa Langoni, mitaa yetu miwili. Zamani Mombasa walikuwa na beni mbili, vikundi vya ngoma, Kingi na Skochi (naam, Skochi, na mimi leo niko kwa wenyewe), zikishindana kwa mavazi na karamu.

Mchango wa leso sare za harusi mtaani kwetu ulitimia upesi, hata wanaodaiwa dukani walitoa. Mchango wa kuzibua mfereji wa mtaa huo huo ulifia kwenye simu. Kila mtu alituma "inshaallah". Mfereji hauna upande wa pili wa kutuona tumependeza.

Najua mtakayosema. "Huyu keshakuwa mzungu." Jamani, mzungu gani anayelilia mkate wa mofa? Hawa nawajua. Jirani yangu wa ghorofa moja tukikutana kwenye ngazi anaangalia viatu. Siku nikifiwa sitarajii abishe hodi. Kwetu mazishi hayana sare wala mpinzani, watu wanajaa bila kuitwa, na hilo naliondoa katika maneno yangu yote. Sisemi wametushinda utu. Nasema ngoma yao inamfunza mtoto kumngoja asiyejua, yetu inamfunza kumsuta.

Mwingine atanijibu: ushindani ndio uliotupa mashairi mazuri, bila Mkomani na Langoni kutupiana maneno tungeimba nini? Nakubali, na nayapenda, hata ya kunisuta mimi. Lakini bibi zetu waliopigana vijembe usiku, asubuhi walikopeshana unga. Sisi tumebaki na vijembe, unga kila mtu anajinunulia. Na wewe unayeniuliza, "Uko Ulaya, umechangia nini kwenye mfereji?" Nimechangia. Muulize aliyeshika daftari. Msimuulize kwa ukali, ni shangazi yangu.

Kwa nini wasichana wa shule za Amu wasifunzwe vugo, wa Mkomani na wa Langoni wakichanganywa mstari mmoja? Pembe zipo, nyakanga wa kufunza wapo, na wazee hawa hawatatungoja. Msiniambie wizara. Wizara haijawahi kutupigia pembe.

Mfungo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, dada yangu anaoza binti. Nimeshatuma salamu kwamba sare yangu mwaka huu nitanunua ya upande wa bwana harusi. Dada amesoma ujumbe, hajajibu, ila nasikia kungwi keshaanza kunitungia wimbo.