Huku Ulaya mimi ni bundi

Ndugu zangu wa Lubumbashi, huku Liège, Ubelgiji, nimepata jina jipya. Naitwa bundi.

Si tusi, na hakuna niliyegombana naye. Shefu wa depo ya mizigo ninakofanya kazi alituita kwenye semina ya asubuhi moja, kahawa na keki mezani, tukagawiwa karatasi ya maswali. Ukishajumlisha alama unatoka ndege mmoja kati ya wanne: tai anayeamua haraka, tausi anayechangamsha watu, njiwa anayetafuta amani, au bundi anayehesabu na kukagua kabla ya kufungua mdomo. Nikatoka bundi, wenzangu wakanipigia makofi. Nilimpigia mama simu kule nyumbani Katuba nikidhani atacheka. Alinyamaza kwanza, kisha akauliza: "Bundi? Banakuita mulozi, na weye unabaki unatumika nabo?" (Yaani wananiita mchawi, na bado nafanya kazi nao?) Nikamweleza kwamba kwa Wazungu bundi ni alama ya akili. Akasema basi wangeniita mtu wa akili, yaishe.

Mgawanyo huo una mizizi ya zamani kidogo. Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Marston, alieleza mafungu manne ya tabia za watu mwaka 1928. Ndege walikuja baadaye, kazi ya watu wa semina. Wengine wanatumia simba, fisi-maji, mbwa na biva (mnyama wa mitoni anayejenga mabwawa). Nashukuru sisi tulipata ndege. Mwite Mkongomani mbwa mbele ya wenzake, hata kama unamsifia uaminifu, uone kama hiyo keki italika.

Kinachonikera si bundi, ni swali la saba: mkutanoni unasema papo hapo au unasubiri? Nilijibu nasubiri. Nimelelewa hivyo, mkubwa anaanza. Karatasi ikachukua adabu niliyofundishwa kwa fimbo na kuiandika kuwa tabia ya kuzaliwa. Mbona pale soko la Kenya (mtaa wetu wa Lubumbashi, si ile nchi) nilikuwa nauza sufuria za baba mdogo kwa kelele mpaka wauza samaki wananilalamikia?

Sufuria hizo tulizimimina wenyewe, uani, watu watano. Baba mdogo ni tai asiyehitaji karatasi: akikohoa, kila mtu anasimama. Ila siku ya kumimina alimini, mwenye amri alikuwa kijana mdogo kuliko wote. Alichota mchanga wa kalibu, ule wa kutengenezea umbo la kumiminia, akaufumba kiganjani, akafungua vidole polepole na kutazama donge linavyovunjika. Mchanga ukiwa na maji mengi, alimini ya moto ikiugusa, mvuke unalipuka na kukurushia alimini hiyo usoni. Kijana akisema "bado", baba mdogo na ukali wake wote alikaa juu ya ndoo akangoja. Sufuria zikishapoa, kijana yule yule anarudi kutumwa sigara. Mchanga ndio uliosema nani asikilizwe saa ile.

Au mchukueni Kidiaba wetu, kipa wa zamani wa TP Mazembe, klabu ya Lubumbashi. Desemba 2010, Mazembe walipoifunga Internacional ya Brazili 2-0 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, dunia nzima ilimwona akirukaruka uwanjani kwa makalio. Tausi kabisa! Lakini huyo huyo alilinda lango dakika 90 asiruhusu hata bao moja. Mtampa ndege gani? (Na klabu yenyewe ina mamba kwenye nembo, huku ikiitwa Kunguru. Sisi hatujawahi kuona tatizo.)

Hata hivyo nisiwadanganye kwamba nyumbani tulikuwa tumemaliza yote. Mwaka mmoja baba mdogo alikopa pesa nyingi kununua vyuma chakavu. Sote tuliona karibu nusu ya ule mzigo si alimini. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa adabu ile ile ninayoitetea hapa. Moto uani ulizimika miezi mitatu, na mama ndiye aliyetulisha kwa zamu yake ya likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu.

Huku, kabla ya semina, niliwahi kuona lebo za Namur kwenye paleti za kwenda Arlon nikanyamaza, kwa sababu shefu alikuwa ameshasema twende. Lori likaenda, likarudi. Siku hizi kabla ya kufunga milango ananigeukia: "Bundi anasemaje?" Nikisema lebo hazilingani, lori halitoki. Lile jina lisilonipendeza ndilo limenipa nafasi ya kusema "bado" mbele ya mkubwa, na hiyo siwezi kuikataa.

Jumatatu tumepokea kijana mpya kutoka Guinea. Wakamkalisha na karatasi ile ile. Alipofika swali la saba akaninong'oneza, niandike nini hapa, mbele ya mkubwa mtu anafanyaje? Nikamuuliza: mkubwa yupi, wa hapa au wa kwenu? Akacheka, akaliacha wazi, akaruka kwenda la nane.