Lisini na methionini katika chakula cha sato: zinasaidia wapi?

Mfugaji wa sato akinunua chakula, jambo la kwanza analolitazama kwenye mfuko ni asilimia ya protini. Kipimo hicho kina maana lakini hakitoshi, kwa kuwa samaki anachohitaji hasa ni asidi amino zinazoijenga protini, na kumi kati ya hizo hawezi kujitengenezea mwilini. Kwa sato, lisini, ambayo pamoja na methionini ni miongoni mwa hizo kumi, hutakiwa ifikie takriban asilimia 5 ya protini yote, yaani gramu 14 hivi katika kila kilo ya chakula chenye protini ya asilimia 28. Ikipungua, asidi amino nyingine hazijengi nyama hata zikiwa tele: huvunjwa, na naitrojeni yake hutolewa kupitia matamvua kama amonia, ndani ya maji yale yale anayopumulia samaki.

Wanaotetea kuongeza lisini na methionini ya unga wana hoja nzito. Dagaa wa Ziwa Victoria wana uwiano mzuri wa asidi hizi, lakini dagaa hao ni kitoweo cha watu, na wakianikwa chini huja na mchanga unaolipiwa kwa bei ya samaki. Chakula cha sato kwa hiyo huegemea mimea, na kila mmea una upungufu wake: soya ina lisini ya kutosha lakini methionini haba, mashudu ya alizeti yana methionini lakini lisini ni kidogo, na pumba za mahindi hazizibi pengo hilo la lisini. Madhara ya upungufu yamethibitishwa vizuri kwa samaki aina ya trauti, ambao wakikosa methionini hupata mtoto wa jicho, wakikosa lisini mapezi yao hulika, na wakikosa triptofani, asidi amino nyingine, uti wa mgongo hupinda. Kwa sato, dalili ya kawaida ni kudumaa, na mfugaji huilaumu mbegu ya vifaranga.

Hata hivyo, asidi amino za unga huyeyuka majini. Chukua punje chache za chakula kilichosagwa na kukandwa nyumbani, zitie katika glasi ya maji: zikisambaratika kabla samaki hajazifikia, sehemu ya fedha iliyonunua lisini imekwisha kuliwa na bwawa. Hata ile inayomezwa hufyonzwa haraka kuliko iliyofungwa ndani ya protini, ikatangulia wenzake mwilini na nyingine kupotea bure. Kuhusu madai kwamba unga huu ni kinga ya magonjwa, naona yamevuka mpaka. Ni kweli asidi amino iitwayo arginini hushiriki katika ulinzi wa mwili, lakini hilo halifanyi chakula kuwa dawa ya maji machafu au ya kizimba, yaani uzio wa nyavu majini, kilichojazwa samaki kupita kiasi.

Linalonisumbua zaidi ni jiko. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia mmeng'enyo wa protini, hivyo ni lazima ikaangwe. Ikikaangwa hadi ikawa kahawia iliyokolea, lisini hushikana na sukari na samaki hawezi tena kuitumia, ingawa kipimo cha protini ghafi, yaani protini yote kwa jumla, hakishuki. Mtu anaweza kuiunguza lisini yake mwenyewe asubuhi, kisha jioni akanunua nyingine dukani.

Ndiyo maana siwezi kutoa jibu moja kwa bwawa na kizimba. Katika bwawa lililorutubishwa kwa samadi, maji yakawa ya kijani, sato huchuja viumbe vidogo vya majini vyenye asidi amino nzuri. Hapo soya iliyokaangwa vyema, ikichanganywa na alizeti, mara nyingi inatosha, na gharama ya unga ni vigumu kuitetea. Samaki wa kizimbani hana shamba hilo. Karibu kila anachokipata hutoka mkononi mwa mfugaji, na kwake nyongeza ni ya haki, ila iwe ndani ya punje imara inayoelea. Mwenye vizimba na amwulize muuzaji gramu za lisini na methionini katika kila kilo kabla ya kuuliza bei ya mfuko.