Shahidi kwenye skrini, mshtakiwa je?

Juni 2006, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda (ICTR) waliondoka Arusha kwenda The Hague kumsikiliza Michel Bagaragaza, aliyekuwa mkuu wa sekta ya chai Rwanda. Alikuwa akizuiliwa huko kwa sababu za usalama. Mshtakiwa, Protais Zigiranyirazo, shemeji wa Rais Habyarimana, aliachwa Arusha akifuatilia kwa video. Oktoba majaji wa rufani wakauondoa ushahidi huo: mshtakiwa ana haki ya kuwepo kesi yake inaposikilizwa, na kuwepo ni kuwepo kimwili.

Naona waliamua sawa, ila uamuzi huo haupigi marufuku video. Kilichokosewa ni mpangilio: shahidi alipewa majaji, mshtakiwa akapewa televisheni. Kinyume chake kingevumilika.

Wanaopinga hata hicho husema jaji hawezi kumsoma mtu usoni kupitia kamera. Mwaka 1996, katika kesi ya Tadić, mahakama ya kimataifa ya jinai kwa iliyokuwa Yugoslavia iliruhusu video lakini ikasema uzito wa ushahidi wake ni pungufu. Hoja hii hainishawishi sana. Waongo hodari wapo hata kizimbani, na wanyofu hutetemeka. Kinachonitia shaka ni kile kamera isichoonyesha: nani yuko nyuma ya shahidi, ana karatasi gani mezani, simu yake iko wapi.

Upande wa pili una uzito wake. Katika kesi ya Wakenya William Ruto na Joshua Sang kule Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), mwaka 2014 mashahidi wasiotaka kutoa ushahidi waliitwa kwa amri ya mahakama na kusikilizwa kwa video kutoka Nairobi. Bila njia hiyo huenda wasingesikika kabisa. Hata hivyo kesi ilikatishwa Aprili 2016, mmoja wa majaji akitaja kuingiliwa kwa mashahidi. Video humpunguzia shahidi safari. Hofu inayomsubiri nyumbani haiigusi.

Tanzania ina kanuni za usikilizaji wa mbali tangu 2021. Kwa kesi za jinai ningedai mambo mawili: ofisa wa mahakama akae chumba kimoja na shahidi, na mshtakiwa akae na wakili wake, waweze kunong'onezana wakati shahidi anapohojiwa kwa maswali ya dodoso. Wakili akiwa mahakamani na mteja wake gerezani, shahidi akidanganya, nani atamvuta wakili joho?