Limau Halikai, Hata Ukililipia Laki Nne

Jumamosi iliyopita mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu Kawempe amefura kwa hasira. Hakuketi. Alitoa chupa ya manukato mfukoni, akaiweka mezani, halafu akaninyoshea kifundo cha mkono.

"Baba mdogo, hebu nusa."

Nikanusa. Jasho la safari ya boda, na sabuni kwa mbali.

"Unaona? Nimejipuliza saa tatu, sasa hivi saa saba, hakuna kitu. Wameniuzia feki. Laki nne na elfu ishirini, baba mdogo! Naenda kuwarudishia chupa yao sasa hivi."

Nikamwambia akae kwanza. Nikaichukua ile chupa nikapuliza mara moja kwenye leso safi. Ikatoka harufu ya ndimu iliyopasuliwa muda huohuo, kali, yenye ubaridi, na nyuma yake kitu kama majani mabichi. Nikatazama kioo, nikatazama pampu, nikalinganisha namba zilizopigwa chini ya chupa na zile za kwenye boksi. Zilikuwa sawa. Dukani hawakumuuzia feki. Walimuuzia limau, na limau lilifanya kazi yake likaondoka.

Kijana huyu anauza simu kwenye duka la mtu karibu na Taksi Paki ya zamani. Mshahara wake ni shilingi za Uganda laki tatu na nusu kwa mwezi. Chupa ile alitoa laki mbili taslimu, zilizobaki akakopa kwenye simu, na mkopo wa simu sote tunajua unavyonenepa mtu akiwa amelala. Yote hayo kwa sababu rafiki yake ana kwanjula, sherehe ya kujitambulisha ukweni, mwezi huu kule Masaka, na kuna jamaa alimwambia kwamba mwanamume aliyejipuliza ya elfu thelathini anajulikana akiwa bado mlangoni.

Neno hilo ndilo lililoniudhi. Nimekaa nalo wiki nzima.

Kinachojulikana mlangoni ni shati lililofuliwa na kwapa lililooshwa. Bei haina harufu. Nimesimama karibu na wanaume wengi maishani mwangu, wenye pesa na wasio nazo, na sijawahi kunusa risiti ya mtu. Lakini hilo tuliache, maana kuna jambo kubwa zaidi ambalo vijana wetu hawaambiwi wanapotoa pesa.

Harufu zote za jamii ya limau hukimbia. Limau, ndimu, chungwa, chenza, balungi, hata ile bergamoti ya Calabria, Italia, inayosifiwa kwenye kila tangazo. Mafuta yaliyomo kwenye ganda la chungwa, zaidi ya asilimia 90, ni kitu kimoja kinachoitwa limonini, na kimo kwa wingi kwenye hizo ndugu zake pia. Limonini ni nyepesi. Ikigusa ngozi yenye joto inapaa, iwe imetoka kwenye kioo cha Paris au kwenye chupa ya plastiki ya soko la Kikuubo. Udi, msandali na miski ni vizito, vinang'ang'ania shati hadi kesho yake. Mafundi wa manukato wanalijua hili vizuri: limau hulitanguliza mbele kabisa likusalimie, wakijua litakuwa la kwanza kuaga. Nusu saa, saa moja, zaidi kidogo ukiwa umekaa kivulini.

Mliokulia penye tadoba mnaijua limonini hata kama jina ni geni kwenu. Bombo, kwenye kambi ya jeshi, usiku, tulikuwa tukimaliza chungwa tunachukua kipande cha ganda, tunakikunja kwa vidole viwili mbele ya mwali. Tss! Cheche za manjano zinaruka, ukuta unamulikwa, na chumba kizima kinajaa harufu kabla mama hajatufokea. Yaliyokuwa yakiwaka ndiyo mafuta hayo. Sasa kitu kinachotawanyika chumba kizima kwa mara moja namna ile, utakizuia vipi kwenye kifundo cha mkono kutoka saa tatu hadi saa saba, tena ukiwa juu ya boda kwenye jua la Kampala?

Kwa hiyo mtu anayetaka kunukia limau siku nzima ana njia moja tu: arudie. Asubuhi ajipulize, saa sita arudie, saa kumi arudie tena. Na kitu cha kurudia lazima kiwe na bei ya kurudia. Hapo ndipo ninaposimama, na sisogei.

Tupige hesabu. Chupa yake ni ya mililita 100. Pampu ya kawaida hutoa kama sehemu moja ya kumi ya mililita kila unapobonyeza, maana yake kila akibonyeza shilingi 420 zimeondoka. Akibonyeza mara tano ni 2,100, pesa ya roleksi, ile chapati ya mayai. Akirudia mara tatu kwa siku, kama limau linavyodai, ametumia 6,300 kwa siku na chupa haifiki siku ya sabini. Kijana wa laki tatu na nusu hawezi. Basi anafanya nini? Anaibania. Anajipuliza kidogo asubuhi, anaifungia kabatini, anashinda siku nzima bila harufu yoyote. Mtoto wa kaka yangu alininyoshea kifundo kimoja tu. Nilipomuuliza cha pili, akaniambia cha pili hakukipuliza, alikuwa anaitunza. Moyo uliniuma pale. Amekopa ili anukie, na anaogopa kunukia.

Mimi natumia kolonya ya limau ya Uturuki. Jirani yangu huenda Istanbul kufungasha nguo za duka lake, na kila akirudi huniletea chupa moja ya mililita 400. Namlipa 35,000, pamoja na ahsante ya kunibebea. Hiyo ni chini ya shilingi 90 kwa mililita, kwa hiyo nikibonyeza mara moja ni shilingi tisa. Naimimina kwenye kichupa kidogo chenye pampu, nakitia mfuko wa suruali, na sina haja ya kukihurumia. Waturuki wenyewe hummiminia mgeni viganjani anapoingia nyumbani, na kwenye mabasi ya safari ndefu mhudumu hupita akiwamiminia abiria. Spiriti yake kwa kawaida ni digrii 80, yaani asilimia 80, ndiyo maana mwaka 2020, korona ilipoingia, watu kule waliigombania kwa ajili ya kutakasa mikono. Ukijimwagia shingoni saa saba mchana unahisi umefunguliwa dirisha.

Na mtu asinijie hapa kuniambia hiyo ni njia ya maskini. Ndivyo kolonya ilivyozaliwa. Nyumba ya Farina ilianza Köln, Ujerumani, mwaka 1709, na Johann Maria Farina, Mwitaliano, akayapa maji yake ya limau, chungwa na bergamoti jina la mji uliompokea. Neno lenyewe kolonya limetoka huko, maana Köln kwa Kifaransa ni Cologne. Mafuta ndani yake ni machache, asilimia mbili hadi tano hivi, kilichobaki ni spiriti na maji, kwa sababu yalikusudiwa kumwagwa. Napoleon anajulikana kwa jinsi alivyoyatumia bila kupima. Na kolonya iitwayo 4711 ya mji huohuo, iliyopewa jina la namba ya nyumba ya mtaa wa Glockengasse, inauzwa mpaka leo kwa bei ya mtu wa kawaida. Kinachoitwa cha bei rahisi ndicho chenye umri mkubwa kuliko majina mengi yanayowatoa vijana wetu jasho.

Baba yangu hakuwahi kusikia habari za Köln. Alikuwa sajenti. Alfajiri ya gwaride alikata ndimu katikati kwa kisu cha jikoni, nusu moja kwapa la kulia, nusu nyingine la kushoto, inayobaki shingoni, kisha akasimama ameitandaza mikono kama anayepimwa koti hadi ikauke. Ndipo akavaa sare. Mpaka leo nikinusa ndimu naona pasi ya makaa na mkanda uliong'arishwa. (Ya shingoni msiige. Maji ya ndimu yakipigwa na jua juu ya ngozi huunguza na kuacha mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi. Baba alikuwa nayo, sisi watoto tukidhani ni alama ya kola.) Wanajeshi wenzake walimsifu kwa usafi, na hakuna siku mtu alimuuliza ndimu ile alinunua shilingi ngapi.

Nitakubali jambo moja, kwa shingo upande. Kuna chupa za bei ambazo fundi wake ametenda. Eau Sauvage ya Dior ilipotoka mwaka 1966, Edmond Roudnitska alitia ndani yake hedioni, kitu chenye harufu ya mbali ya yasmini, na limau likapata kuenea na kung'aa kwa namna ambayo kolonya za zamani hazikuwa nayo. Niliwahi kuinusa kwa mzee mmoja msibani na sikuwa na la kusema. Lakini hata humo, kinachobaki mchana si limau tena. Ni kile kilicholazwa chini yake, harufu nzito za miti na maua. Anayelipa laki nne analipia hicho cha chini, na kama anakijua na anakipenda na pesa anayo, mkono wake uwe mwepesi. Mtoto wa kaka yangu alitaka limau. Hakuna aliyemwambia kwamba limau ni sehemu ndogo na ya haraka kuliko zote katika alichonunua.

Wanaotaka kitu cha kudumu zaidi bila kuuza mbuzi, zile za Dubai zipo. Club de Nuit Intense Man ya Armaf hufunguka kwa limau kali kupita kiasi, ukivumilia dakika za kwanza inatulia ikawa na moshi na miti, na kila mpenda manukato anajua imemfuata nani: Aventus ya Creed ya mwaka 2010. Mafuta ya vichupa vidogo yanayouzwa nje ya misikiti siku ya Ijumaa ni mazuri, ila mengi ni udi na miski. Ndani ya taksi ya watu kumi na wanne, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, tuwahurumie wenzetu.

Na usiache chupa kwenye dashibodi. Mafuta ya limau yakipata joto, mwanga na hewa huharibika, yananuka kama tapentaini na yanaweza kuwasha ngozi.

Kinachoniumiza kuliko hata mkopo wa simu ni Teso, kule mashariki mwa Uganda. Msimu wa machungwa ukishika, pita barabara ya Soroti uone malundo kando ya njia, na mama amekaa nyuma ya lundo bei imeshaanguka. Kiwanda cha matunda cha Soroti kilifunguliwa mwaka 2019 ili machungwa hayo yakamuliwe juisi. Vizuri sana. Lakini huko Brazili hawaishii kwenye juisi. Ganda nalo hukamuliwa, na mafuta yake husafiri duniani kote hadi kwa watengeneza manukato, wa bei ya juu na wa bei ya chini, na kwa watengeneza sabuni pia. Mafuta ya chungwa tamu kwa muda mrefu yamekuwa miongoni mwa mafuta ya manukato ya mimea yenye bei rahisi. Sisi ganda tunalitupa, halafu kijana wetu anakopa ili alinunue tena likiwa ndani ya kioo. Spiriti tunayo, viwanda vya sukari vya Busoga vinaitoa kwenye molasi. Maganda tunayo. Natamani mtu mmoja tu, Soroti au Kumi, awe na mashine ndogo ya kukamulia maganda na ujasiri wa kuandika juu ya chupa kwamba hii ni kolonya ya chungwa la Teso. Nitanunua ya kwanza, nitanunua na ya pili, na nitaandika hapa.

Kuhusu kijana, tulielewana. Nilimjazia kichupa chake cha mililita 50, tukakipuliza pamoja kwenye mkono wa shati lake la pamba, maana pamba hushika harufu kuliko ngozi. Akanusa, akanyamaza, akanusa tena. Siku ya kwanjula ataanza na ile chupa yake, maana imeshanunuliwa. Hicho kichupa kitakuwa mfukoni mwa koti, kwa ajili ya saa nane, wakati wasemaji wa pande mbili bado wanarushiana mafumbo, hema limeshika joto, na kanzu imegandia mgongoni chini ya koti.

Dukani hakwenda tena kugombana. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni aliniuliza jirani yangu anasafiri lini. Nikamwambia tarehe 14. Akatoa elfu kumi, akasema salio atanipa mwisho wa mwezi, naye aletewe chupa yake. Nilimrudishia ile elfu kumi, nikamwambia akapunguzie mkopo wa simu kwanza.